Mfereji Namba Tatu

Baba,

Pampu bado iko kwa fundi kule Sotik. Naanza na pampu kwa sababu ndiyo iliyokufichua, si mimi. Mimi nisingekufichua. Tangu tukuzike hapo juu ya shamba mwezi wa kumi na moja, nilikuwa napita kaburini kila jioni nikitoka shule, nakusomea ukurasa mmoja wa chochote kilichokuwa mkobani. Hata Kemia nilikusomea. Sasa ni karibu wiki nzima sijapita. Nazunguka kwa njia ya juu, kupitia kwenye ua wa miiba, nakwepa kaburi lako kama mwanafunzi anayemkwepa mwalimu wa zamu.

Nitakueleza kwa utaratibu, kama ulivyonifundisha kueleza mambo. Mwanzo kwanza. Lawama zije mwisho, ingawa sina hakika kama nitaweza kuzizuia mpaka huko.

Jumamosi ile, saa kumi hivi, kempa iliingia kwenye lango la kambi yetu ya wageni. Ya kwanza tangu uondoke. Ilikuwa gari refu jeupe lenye nyumba ndani yake, vitanda, jiko, sinki, kila kitu, na ndani mtu na mke wake kutoka Nairobi. Walikuwa wametoka mbuga ya Mara, wanaelekea Kisumu. Mama alikuwa ameshuka kuchuma majani chai, kwa hiyo ni mimi niliyewapokea. Unajua vile mimi hukauka mdomo mbele ya wageni. Niliwaonyesha mahali pa kuegesha kwa kidole tu, kama bubu. Yule mwanaume akacheka akasema, "Madam, tuko wazi kupokea maagizo."

Lakini kwenye maji sikuhitaji kuongea, na hapo ndipo mikono yangu ilikukumbuka. Nilitoa paipu ya bluu kwenye ndoano yake, ile ambayo haiguswi na kitu kingine, si kuosha gari, si kumwagilia maua. Nilipangusa mdomo wa mfereji namba tatu kwa kitambaa chenye dawa. Nikafungua maji yamwagike nikihesabu polepole hadi thelathini. "Maji ya kwanza ni ya bomba, si ya mgeni." Ulikuwa ukisema hivyo kila mara, na mimi nilidhani hakuna mtu mwaminifu duniani kama wewe, mtu anayemwaga maji mazuri chini ili mgeni asionje kutu. Nikaangalia ile raba ndogo ya ndani kama imekaa sawa. Nikaweka kile kifaa cha shaba cha kupunguza presha, nikafunga paipu kwa mkono mpaka ikakaza, halafu robo duara tu kwa spana, si zaidi. Upande wa pili nikaunganisha kwenye tundu la gari. Nikafungua koki kidogo kidogo. Nikapiga magoti nikatazama chini ya gari kama kuna tone. Hakukuwa na tone hata moja, Baba. Ungefurahi.

Mwanaume akauliza, "Hii maji ni ya kunywa ama ni ya kuoga tu?"

Nikamjibu vile ulivyonifundisha kujibu. "Ni ya kisima chetu wenyewe. Ni safi."

Mke wake alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kempa anavua viatu. Akasema, bila nia yoyote, "Na mna pampu nzuri. Haina kelele hata kidogo."

Nilitabasamu. Nikasema asante. Nikatembea mpaka karibu na jikoni ndipo miguu ikasimama yenyewe.

Pampu ilikuwa Sotik. Iliungua mwezi wa kwanza stima iliporuka, na mjomba akaipeleka kwa fundi na fundi akasema spea hazijafika. Wiki tatu nzima kisima chetu kilikuwa na kifuniko tu na kamba inayoning'inia. Nyumbani tulikuwa tunatumia maji ya mvua yaliyobaki kwenye tangi. Na mfereji namba tatu ulikuwa unatoa maji kwa nguvu, baridi, meupe, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Maji hayapandi kutoka kisimani peke yake. Kulijua hilo sikuhitaji kitabu.

Nilichukua jembe dogo la Mama. Nilianza pale kwenye nguzo ya mfereji, nikafukua nikifuata bomba. Hapo karibu nilikuta tawi jembamba lisilo na koki, likivujia chini ya maua ya kambi usiku na mchana. Nilidhani bomba lenyewe litageuka kushoto kuelekea kisimani. Halikugeuka. Lilipanda. Liliingia katikati ya michai yetu, mstari wa sita, mahali ambapo udongo ulikuwa laini kuliko kwingine, na nilipochoka kufukua nikawa napiga tu mpini wa jembe chini nikisikiliza. Lilipita chini ya ua. Likaingia kwenye ardhi ya Kogo Rael.

Lazima niandike yeye ni nani, ingawa unajua. Naandika kwa sababu nahisi ulikuwa umemsahau. Ni bibi wa Kikipsigis tuliyepakana naye kwa juu, yule ambaye watu wote hapa humwita Kogo, nyanya, hata wazee wenzake. Alipouliza maana ya jina langu, Nyambura, nikamwambia linahusu mvua, akasema basi kwao mimi ni Cherop, na tangu siku hiyo hajawahi kuniita vingine. Alituachia njia ya kupita shambani kwake tulipohama kutoka Silibwet na hatukuwa na njia. Chemchemi ambayo mteremko wote huchota iko kwenye mpaka wake. Zamani ilikuwa na nguvu. Mtungi wa lita ishirini ulikuwa unajaa kabla hujamaliza kusalimiana na Kogo, na unajua Kogo anavyosalimia, anauliza mpaka ng'ombe ameamkaje.

Bomba lilienda moja kwa moja mpaka nyuma ya sanduku la saruji la chemchemi, mahali maji yanapokusanyika kabla ya kutokea kule mbele watu wanakochota. Niliinua lile jiwe bapa lililofunikwa na majani. Chini yake kulikuwa na tii ya plastiki, kile kiungo cha kugawa bomba moja kuwa mawili. Tawi moja lilikuwa linaelekea kwa watu, na tawi lingine, nene zaidi, linaelekea kwetu.

Nilijaribu kusema kichwani kwamba ni mtu mwingine. Nilijaribu sana, Baba. Lakini maungio yale yalikuwa yamefungwa kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, mizunguko mitatu, ncha ikarudishwa chini ya mzunguko wa pili. Hakuna fundi mwingine wa mabomba hapa Boito wala Silibwet anayefunga hivyo. Ulinifundisha nikiwa darasa la nne, juu ya mguu wa meza.

Nilikaa pale kwenye matope. Chini yangu, upande wa pili wa sanduku, kulikuwa na watoto wanne wakisubiri mtungi mmoja ujae. Walikuwa wanacheza mchezo mzima wa kuruka kamba wakisubiri. Maji yalikuwa yanatoka membamba kama uzi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Bomba ningeweza kulisamehe. Nafikiri ningeweza. Kisima chetu kilikuwa kinatoa maji mekundu yenye harufu ya misumari, wageni walikuwa wanakunja nyuso, na wewe uliacha kazi ya mjini ukajenga kambi hii kwa mikono yako, na uliona inakufa. Ile Desemba nilipokuwa kwa shangazi, nikarudi nikakuta maji mazuri na ukaniambia umeongeza kina cha kisima, ulikuwa na matope mpaka kwenye nyusi na ulikuwa na furaha. Mtu anaweza kuiba maji akiwa na hofu. Hilo nalielewa.

Lakini mbona mimi?

Mwezi wa pili uliofuata, chemchemi ilipoanza kukonda, watu waliitwa kwenye baraza pale kituo cha kuuzia majani chai. Nilikuwa nimeanza Kidato cha Kwanza, wiki ya tano. Ulikuja nyumbani ukanikuta nafunika vitabu vipya kwa magazeti. Ukachukua kile cha Kilimo, ukafungua mahali palipokuwa na miti. Ukaniambia, "Profesa, hapa wanasema nini kuhusu mikaratusi?" Nikakusomea. Kwamba mikaratusi hunywa maji mengi, na haifai kupandwa karibu na chemchemi. Ukasema, "Hiyo. Kesho utawasomea watu hiyo."

Nililia, unakumbuka? Nilikuambia siwezi kusimama mbele ya watu. Ukaniambia elimu isiyosaidia jirani ni mzigo tu mkobani. Nilikuamini kabisa. Niliandika maneno hayo nyuma ya daftari langu.

Kogo alikuwa na mikaratusi kumi na mmoja juu ya chemchemi. Ilipandwa na mume wake mwaka aliofariki. Alikuwa anaitunza kwa ajili ya nyumba ya mabati aliyotaka kujengewa na kijana wake, na kila mtu alijua, kwa sababu alikuwa akiupiga kila mti kofi akipita, akisema, "Huyu ni mlango. Huyu ni paa. Huyu ni kitanda changu."

Nilisimama kwenye mizani ya majani ili watu wanione. Ulisimama nyuma yangu ukaweka mkono mgongoni mwangu. Nilisoma aya nzima, kwa Kiingereza kwanza, halafu nikaitafsiri. Hakuna aliyecheka. Wazee walikuwa wamevua kofia. Mtu mmoja alisema, "Kama ni baba yake ameongea ningesema ni maneno ya mtu wa kuja. Lakini huyu mtoto hata salamu humtoka kwa shida. Hawezi kudanganya." Watu wakapiga makofi.

Na Kogo akasimama. Hakukasirika. Akasema, "Kitabu imesema, na ni Cherop amesoma. Mimi nitakata."

Ulijua, Baba. Ulikuwa umesimama hapo ukijua tii iko wapi. Ulijua kwamba wewe wangekuuliza maswali. Wangekuuliza kwa nini maua ya kambi yako yamestawi mwezi wa pili. Mimi hawangeniuliza chochote. Sijawahi kusema uongo kwa sababu sijawahi kusema sana, na wewe ulikichukua kimya changu, kitu pekee nilichokuwa nacho, ukakitumia kama tepu ya kuziba pale palipokuwa panavuja. Ule mkono mgongoni nilidhani unanishikilia. Kumbe ulikuwa unanisukuma.

Kitabu hakikudanganya. Nimerudi kukisoma mara nyingi wiki hii. Mikaratusi hunywa maji kweli. Wewe ndiwe uliyenidanganya kwa kitabu cha kweli, na sijui kama kuna uongo mbaya kuliko huo, kwa sababu sasa nikifungua kitabu chochote najiuliza ni nani amesimama nyuma yangu.

Miti ilikatwa kwa siku mbili. Kogo alikaa kwenye kigoda akitazama. Jioni ya pili alikuja kwetu na kibuyu cha mursik, akanipa mimi, si wewe, akasema mtoto aliyesoma vizuri anywe maziwa. Nilikunywa. Na wewe ulikuwa hapo, na ulimwomba nguzo sita za lango na za mifereji, na akakupa. Nguzo ya mfereji namba tatu ni mti wake, Baba. Sijui ulikuwa na macho makavu namna gani mpaka ukaweza kumwomba.

Mvua za mwezi wa nne zikaja. Wageni hawakuja kwa sababu ya matope, mfereji ukafungwa, chemchemi ikarudi. Watu wakasema unaona, ni ile miti. Mwaka uliofuata kiangazi kikaja tena na wageni wakaja na maji yakapungua. Ndipo watu wakasema visiki bado vinakunywa. Kogo, na umri wake, akamlipa kijana wa kung'oa visiki, na vile ambavyo havikung'oka akavichoma. Nilikutana naye nikitoka shule, amejaa majivu. Akaniuliza, "Cherop, kitabu imesema mizizi itakunywa mpaka lini?" Nikamwambia nitaangalia. Nilikuja nikakuuliza wewe. Ulikuwa unakula. Hukuinua macho. Ukasema, "Mwambie avumilie."

Na siku ya mazishi yako alisimama akasema mbele ya kanisa zima, "Huyu mzee alitetea maji yetu." Mama alilia sana aliposikia hayo. Mimi pia.

Nilipotoka kwenye chemchemi ile Jumamosi nilifunga koki ya kambi. Niliwaambia wale wageni kuna hitilafu, nikachomoa paipu ya bluu, nikawabebea maji ya mvua kutoka kwenye tangi letu, mitungi mitatu, nikawajazia tangi la kempa kwa mdomo wa chupa iliyokatwa. Mwanaume alitaka kunisaidia nikakataa. "Hii maji mpya ni ya wapi sasa?" akauliza. Nikasema, "Ya mvua. Chemsheni." Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya kweli niliyowahi kumwambia mgeni kuhusu maji.

Mama nilimwambia jioni hiyo hiyo, tukiwa tunachambua mboga. Aliendelea kuchambua mpaka mboga zikaisha. Halafu akasema, "Nilijua pampu hailii kama zamani. Sikuuliza." Baadaye akanishika mkono, akasema, "Nyambura, mwache baba yako alale. Sisi tulikuja hapa tukapokelewa. Wakijua hili, ni jina gani tutabaki nalo?" Nilikuwa nakukumbuka wewe kitandani hospitalini, ulivyoninong'oneza, "Pampu ikiharibika, msiwe na haraka ya kuitengeneza." Nilidhani unatuhurumia. Ulikuwa na pumzi chache sana, na ukatumia hizo kulinda bomba, kwa sababu fundi angefungua kisima angeona hakiungani na mfereji.

Jumapili baada ya ibada nilienda kwa Kogo. Alikuwa amekaa mlangoni anasafisha kibuyu kwa kile kijiti cha makaa. Nilimwambia nimesimama, kwa sababu ningekaa nisingesema. Nilisema yote kwa pumzi moja. Kijiti kiliacha kuzunguka ndani ya kibuyu.

Akauliza swali moja tu. "Hiyo siku ulisoma, ulijua?"

"Sikujua, Kogo."

"Basi tulidanganywa wawili."

Akachukua mkongojo akaniambia nitangulie. Pale kwenye chemchemi niliinua jiwe, na yeye akainama taratibu mpaka akagusa ule mpira wa tyubu kwa kidole. Akaupapasa mizunguko yote mitatu. Akasema, "Alifunga vizuri." Nilitamani ardhi inimeze. Nilitaka kukata bomba pale pale, nilikuwa nimebeba msumeno. Akanizuia. "Usikate leo. Ulisoma mbele ya watu. Hii pia utasoma mbele ya watu."

Siku hiyo hakunipa maziwa. Ni mara ya kwanza tangu nimjue.

Baraza lilikuwa Alhamisi, baada ya majani kupimwa. Niliandika karatasi moja. Nilipanda kwenye mizani ile ile. Safari hii hakukuwa na mkono mgongoni, na nikiwa bado nakunjua karatasi mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Leo profesa ameleta kitabu gani? Tukate mahindi sasa?" Watu wakacheka. Nikasoma. Nilisoma kuhusu tii, na mstari wa sita wa michai, na wageni waliokuwa wanaoga huku watu wakipanga foleni. Kicheko kilikatika mahali fulani katikati. Halafu kelele ikaanza. "Watoto wangu walikosa shule wakichota maji!" "Na mimi nilimpa huyo mzee kuku!" Mama mmoja akasema, si kwa ubaya, kwa mshangao tu, "Kumbe tulikuwa tunaombea mvua na maji iko kwa maua."

Kogo akagonga bati la mizani kwa mkongojo. "Nyamazeni. Mwaka ule mlipiga makofi. Leo sikilizeni bila makofi."

Nikamaliza. Mzee wa kijiji akamuuliza Kogo anataka nini, kwa kuwa ni yeye aliyepoteza zaidi. Nilidhani atataka tuhame. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Akasema, "Miti haiwezi kurudi. Nataka nguzo zangu."

Tulishuka wote mpaka chemchemini. Na hapo, Baba, nikaona Mama anakuja kwa njia ya shambani. Alikuwa amesema hatakuja. Alikuwa amebeba mfuko wako wa vifaa, ule wa turubai, ameukumbatia kama mtoto. Hakumtazama mtu yeyote. Aliuweka miguuni mwangu akasimama kando yangu.

Nilikata bomba kwa msumeno wako. Nikatoa lile tawi nene. Nikaweka kizibo kwenye tii, nikazungusha tepu nyeupe kuelekea kulia kama ulivyonionyesha, nikakaza kwa mkono, halafu robo duara kwa spana. Na juu yake nikafunga utepe wa tyubu ya baiskeli, mizunguko mitatu, ncha chini ya mzunguko wa pili. Sikuwa na njia nyingine ninayoijua ya kufunga kitu kisivuje. Nililia nikifunga, na nadhani walifikiri ni aibu. Kumbe nililia kwa sababu mikono yangu ni yako, na siwezi kuikata.

Kule mbele uzi wa maji ukanenepa ukawa kama kidole. Si zaidi ya hapo, kiangazi bado ni kiangazi. Lakini watoto waliacha kuruka kamba.

Tuling'oa nguzo zote sita. Vijana wawili waliokuwa wamenizomea walikuja kusaidia bila kuitwa, wakiwa bado wanazoma. "Profesa, hii ni sura ya ngapi?" Ile ya mfereji namba tatu niliibeba mimi, Mama akashika upande wa nyuma. Ni nzito kuliko inavyoonekana. Sasa lango letu halina kibao, na mfereji wako umelala kwenye nyasi kama mkono uliovunjika.

Kogo alituonyesha mahali pa kuweka nguzo, kando ya nyumba yake ya udongo. Hakusema kongoi, asante ya kwao. Alipiga kofi moja juu ya ile yangu, kama zamani, lakini hakusema ni mlango wala ni paa. Nilikuwa nimegeuka kuondoka aliponiita. "Cherop. Kesho kuja na hiyo kitabu. Nataka unionyeshe mahali iliandikwa."

Hajui kusoma, Baba. Anataka tu kuona mahali penyewe, maneno yaliyokula miti yake.

Nitaenda leo. Kitabu kiko hapa mezani, bado na gazeti ulilonisaidia kukunja kwenye pembe. Nitamwonyesha aya ile kwa kidole, neno kwa neno, na akiuliza ni wapi palipoandikwa jina lako nitamwambia halikuandikwa, ni mimi niliyelisomea hapo katikati bila kujua.

Sijakusamehe. Sitaki kukudanganya na hilo. Mama huja kaburini kila siku na mimi humwona kwa mbali akipangusa saruji kwa kanga, na simlaumu. Kambi tutaifungua tena mvua zikija, na kibao kipya nitakiandika mwenyewe: maji ya mvua, chemsha. Atakayeunganisha kempa yake hapa atajua anakunywa nini. Hiyo ni ahadi ya kwanza.

Ya pili ni hii. Kila asubuhi kabla ya shule nitachukua mtungi wa lita ishirini, nitapanga foleni na wengine, na Kogo akiwa pale nitamsalimia mpaka mwisho, ng'ombe na wote. Leo asubuhi tumemaliza salamu mtungi ukiwa nusu. Siku utakapojaa kabla hatujamaliza, nitashuka kwa njia ya chini, nitapita kwako, na nitakusomea ukurasa. Mpaka siku hiyo, lala bila mimi.

Binti yako,
Nyambura